Picha Isiyokwama

Saa saba na dakika tano mchana, wenzake waliposhuka kula, Bi Kiduara alipanda hadi ngazi ya mwisho chini ya mlango wa paa, akakunjua mkate wake na kumpigia mama yake simu ya picha. Hapakuwa na mahali penye mtandao mzuri zaidi katika jengo zima, na alijua kwa kuwa ndiye aliyepima. Kampuni ya simu ilimwajiri ahakikishe video za wateja hazikwami njiani. Jina lile alibandikwa na wenzake, kwa heshima ya kile kiduara kinachozunguka kiooni picha ikigoma kuja. Siku ya kwanza alicheka nao. Baada ya hapo hakuna aliyemwita jina lake tena.

Mama alikuwa na masikio mazito tangu ujana. Simu ya sauti tupu haikumfaa kitu, maana alisikiliza kwa macho, akisoma midomo ya mtu. Kwa hiyo ilikuwa picha au kimya.

"Umekula?" mama aliuliza, akainua kikombe, akaganda.

Bi Kiduara alimtazama hivyo mpaka mkate ukaisha, akarudi kazini. Alasiri akapigiwa na mshonaji, jirani ya mama ukuta kwa ukuta.

"Mwanangu, mama yako kaganda tena," alisema. "Kikombe nimekitoa mkononi, asije akajimwagia akizinduka. Nimemfunika shuka pia, maana vumbi la huku unalijua."

Mnara wa kule ulikuwa mmoja, tena mchovu. Sauti ilipita, kwa kuwa sauti ni nyepesi. Picha ndiyo iliyokwama, na picha ikikwama mama naye aliganda palepale kitini mpaka mtandao urudi. Mara nyingi ilikuwa saa moja. Msimu wa mvua aliganda siku nne, na alipozinduka alimalizia sentensi yake, kisha akalalamika kwamba chai imepoa. Mshonaji hakuona ajabu. Kilichomkera ni kumfuta vumbi mara mbili kwa siku, na yeye ana nguo za watu.

Bi Kiduara alikwenda kwa bosi kuomba mnara wa pili. Bosi, mtu mpole asiyependa kumvunja mtu moyo, alitazama kwenye kompyuta mnara ule una wateja wangapi. Walikuwa arobaini na mmoja. Akauliza wangapi wamelalamika, akaambiwa mmoja. Basi akamshauri atumie akili yake, ndiyo maana aliajiriwa. Alipoomba likizo, kwa kuwa kufika kwa mama ni safari ya siku mbili, bosi alimwambia avute subira mpaka mradi wa ofisi uishe. Hakubishana. Kusema kweli alipata nafuu kidogo, maana ulikuwa mwaka wa sita hajakanyaga kwao, na aliona aibu hata ya kubisha hodi.

Akatumia akili yake. Kwa wiki tano aliandika programu ya kuuchungulia mtandao kila nusu sekunde: ukiwa na nguvu, picha ipite nzima, ukilegea, picha ipunguzwe ubora, ipite nyepesi, ilimradi isikwame. Tangu siku aliyoiwasha mama hakuganda tena. Wateja wa mnara ule walitazama mpira mwanzo hadi mwisho, ingawa hawakujua nani kafunga. Ofisini alipigiwa makofi.

Wiki iliyofuata mshonaji akampa habari kwamba mama anatembea, ana furaha, na makunyanzi yote yamemtoka usoni. Ilionekana habari njema. Kisha yakafutika maua ya gauni lake. Kisha vidole vikaungana, akaacha kushona vifungo. Mwezi ulipokwisha mama alikuwa miraba kumi na miwili, ya kahawia juu na ya bluu chini, akifagia ua wake na kujigonga kwenye fremu za milango. Mshonaji alimtambua kwa mwendo.

Bi Kiduara alimweleza mshonaji kwamba anaweza kuizima programu yake, ila mama ataganda kama mwanzo. Au aache kupiga kabisa, sura imrudie. Mshonaji akaweka simu mezani, akamuuliza mama kwa ishara kubwa za mikono.

"Anasema hataki kuganda, akiganda anakukosa," alirudi na jibu. "Na ukiacha kupiga, anauliza hiyo sura atamwonyesha nani."

Kesho yake, pale ngazini, miraba ilitokea kiooni ikatulia.

"Utakuja lini?" ikauliza, kwa sauti ya mama.

"Kazi ikiisha, Mama," alijibu taratibu, akifumbua mdomo wote, kama alivyozoea kusema naye tangu utotoni. Lakini picha huenda pande zote mbili. Kule kwa mama, mdomo wake ulikuwa mraba mmoja uliofunguka na kufungika. Mama aliukodolea macho.

"Kesho? Umesema kesho?"

Bi Kiduara akatikisa kichwa kukataa. Mtikiso ulikuwa mdogo mno, haukufika.

"Basi nikaanike godoro lako," mama akasema, akaondoka kiooni.

Alasiri mshonaji alipiga. Godoro liko juani, alisema, na mama amehamishia kiti mlangoni.

"Nimwambieje?"

Bi Kiduara alisubiri simu ikatike. Haikukatika.

"Usimwambie kitu," akasema mwishowe.

Mradi ule uliisha, ukaanza mwingine. Kila siku saa saba na dakika tano mama huuliza, hujibiwa, huelewa ni kesho, na godoro huanikwa juani. Katika ripoti ya mwezi Bi Kiduara aliandika kwamba kwenye mnara wa wateja arobaini na mmoja picha haikukwama hata mara moja.