Barafu Kifuani

Tangu sindano ya tatu, Lindsay Trembath alikuwa akilala na taulo chini yake kama mtoto mchanga. Joto lilimpanda ghafla kutoka tumboni hadi utosini, jasho likamchuruzika, halafu baridi ikamkamata mpaka meno yakagongana. Mkewe, Noelene, alishika kila alichoagiza muuguzi: chai kidogo, shuka za pamba, vyuma vya kunyanyua asubuhi ili mifupa isilegee. Dawa ilizima homoni za kiume ili kansa ya tezi dume ikose chakula. Hayo yote Lindsay aliyaweza. Yaliyomshinda ni matiti. Yalikuwa yamechomoza, mawili, mororo, yanauma yakiguswa.

Na Jumapili ya kwanza ya Mei, baridi ya Sydney ikianza kuuma, chama chao cha waogeleaji wa majira ya baridi kilikuwa kinafungua msimu. Miaka ishirini na sita ni yeye aliyebeba pande la barafu kifua wazi, akaruka nalo kwenye bwawa la maji ya bahari, wazee wenzake wakimfuata. Sheria ilikuwa moja tu: hakuna fulana.

"Mwambie Merv mapema," Noelene alisema. "Si rafiki yako?"

"Nimwambie nini? Kwamba nimeota maziwa?"

Akaenda na fulana. Merv, mwenye ulimi kama wembe, alipomwona tu akaanza: "Haya, bibi harusi anaona haya! Vua, mzee, au barafu apewe mwanamume!"

Wote wakacheka. Lindsay naye akacheka, maana matusi ya Merv ndiyo yaliyokuwa salamu yao. Kisha akavua.

Kicheko kikakatika. Merv akatazama vidole vyake vya miguu.

"Ni dawa ya kansa," Lindsay alisema. Akaikumbatia barafu, ikamchoma. Akaruka.

Alipoibuka, Merv alikuwa ukingoni na taulo. "Polepole, kaka. Nipe mkono. Mwakani tutakubebea sisi, sawa?"

"Nitukane," Lindsay alisema, akitetemeka.

"Mambo gani hayo, kaka? Pumzika."

Wakati wa supu walimpisha kiti cha karibu na moto. Merv alimtania kila mtu mezani, mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa Lindsay akamruka, akamsogezea mkate. Joto likampanda tena, jasho likamtiririka mashavuni. Wakadhani analia, wakatazama pembeni kwa heshima.