Ubeti wa Tatu wa "Tundu la Mfukoni"

Kila Jumatano saa kumi alasiri, viti vikiwa bado vimepinduliwa juu ya meza, mpiga piano wa baa alikaa na penseli akichagua nyimbo za Jumamosi. Watu hudhani kazi hiyo ni kuokota tu. Thubutu! Wimbo wa kuimba pamoja na wateja una masharti yake. Kiitikio kiwe kifupi. Sauti isipande hadi kinyozi wa meza ya tatu atokwe na mishipa ya shingo. Na nyimbo mbili za kuachana zisifuatane, maana zilipofuatana mara ya mwisho, mume na mke waliokuja pamoja waliondoka kila mtu na teksi yake.

Jumatano hiyo bosi alichukua penseli akaongeza wimbo mmoja kwa mkono wake: "Tundu la Mfukoni".

"Bosi, huo tusamehe," alisema mpiga piano.

"Miaka kumi na moja unauruka. Wimbo wa marehemu baba, ndani ya baa ya marehemu baba. Kwani alikukosea nini?"

Alikuwa amemkosea sana. Mama yake mpiga piano alikuwa fundi cherehani, na wimbo ule aliutunga huku akikanyaga cherehani yake. Siku moja baba yake bosi alipeleka suruali iliyochanika mfukoni, na kwa kuwa hakuwa na nyingine, akasubiri nyuma ya pazia na chupi yake nusu saa nzima. Aliondoka na suruali iliyoshonwa na wimbo mzima kichwani. Mwezi uliofuata wimbo ulikuwa redioni, kwa jina lake.

Kuupiga tu kusingemuuma hivyo. Lakini desturi ya baa ilikuwa kwamba kabla ya kila wimbo mpiga piano asome kadi kwa sauti, jina la wimbo na jina la mtunzi, na kadi zote aliandika bosi.

"Mtunzi ni mama yangu," alisema, kwa mara ya pili maishani mwake. Mara ya kwanza bosi alimuuliza kama ana karatasi. Safari hii alimuuliza vilevile.

Jumamosi jioni aliisoma ile kadi harakaharaka kama mtu anayemeza dawa chungu, akapiga. Walipofika ubeti wa pili, mama yake aliingia kwa mlango wa jikoni, miaka kumi na moja tangu azikwe, futi shingoni na pini tatu midomoni. Mhudumu alimvutia kiti akamuuliza atakunywa nini. Alitaka maji yasiyo baridi, kwa sababu ya meno.

"Kola imekaa upande," alimwambia mwanawe, mtu wa miaka hamsini na minne, akamnyooshea. Mwanawe alifurahi hadi akakosea noti mbili.

Wimbo ulipokwisha, mama alitoa pini mdomoni, akaendelea peke yake na ubeti wa tatu. Huo aliutunga baada ya kusikia redio, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuuiba.

*Suruali kaileta, kasimama paziani,*
*Miguu kama korongo, asikia kwa makini,*
*Kavaa, akaondoka, wimbo wangu mfukoni.*

Wateja waliudaka mara moja. Waliurudia mara nne, kinyozi akipiga meza. Wengine waliinua macho kuitazama picha ya mwanzilishi wa baa ukutani, ila ilikuwa ya kiunoni kwenda juu, kwa hiyo suala la miguu halikuweza kuthibitishwa.

Bosi alikuja mwenyewe hadi kwenye piano. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefanana na baba yako. Hasa miguu."

"Bosi, mwenyewe ndiye huyu," alisema mpiga piano. "Muulize."

Bosi alivuta kiti akakaa. Hakuwa mtu wa dharau. "Mama, mimi nakuamini. Lakini wewe umefariki, na marehemu hadai kitu."

"Na baba yako je?"

"Naye amefariki. Ila yeye yumo tayari kwenye kadi."

Tangu hapo mama alikuja kila Jumamosi. Wateja walimletea suruali za kupunguza urefu, akawa anashona pindo huku akiongoza ubeti wa tatu, na watu wa mitaa ya mbali walianza kuja kwa ajili ya ubeti huo tu. Katika mwezi wa pili wa kuja kwake, mpiga piano alikuta kadi mpya juu ya piano. Ilisema: "Tundu la Mfukoni, pamoja na ubeti wa tatu uliokuwa umepotea." Chini yake lilikuwa jina kamili la baba yake bosi.

"Watu wameupenda," bosi alieleza. "Mzee alikuwa na utani sana. Hata miguu yake mwenyewe hakuiacha."

Jumamosi hiyo mpiga piano aliishika kadi. Alisoma jina la wimbo. Kisha akaiweka ile karatasi ngumu kifudifudi na kutaja, polepole na kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, jina la mama yake, la kwanza na la ukoo.

Wateja wale ni watu wema, na walikuwa wameisikia kadi wiki nyingi. Walijua amekosea tu, uzee unamwanza. Kwa hiyo kinyozi alianzisha, na meza zote zikamwitikia, wakimsahihisha kwa sauti moja: jina la baba yake bosi, la kwanza na la ukoo, bila hata mmoja kuchelewa.

Mama yake alikata uzi kwa meno.

"Anza, baba," alimwambia. "Wameshavuta pumzi."

Akaanza.