Nafasi ya Mzee Miwani

Jumamosi asubuhi Mzee Miwani alitoka na ndoo ya maji ya sabuni, akasugua lami iliyo mbele ya geti lake mpaka ikang'aa, kisha akaweka kiti cha jikoni katikati. Gari hakuwa nalo. Aliliuza macho yalipoanza kumsaliti, na majirani wakatania kwamba kweli mganga hajigangi, maana kabla ya kustaafu alikuwa mpima macho, na nusu ya mtaa ule ilikuwa ikiona kwa miwani aliyoichagua yeye. Kiti kilikuwa kinamshikia nafasi binti yake.

Binti alikuwa muuguzi katika mji mwingine. Tangu mama yake afariki, kila akipigiwa simu alijibu kwa upole, "Wiki hii sina nafasi, baba. Tuone wiki ijayo."

"Nafasi ipo, mwanangu," baba humwambia. "Nimekuwekea hapa nje."

Hucheka wote wawili, kila mtu na cheko lake, kisha simu hukatwa.

Nyumba ya pili alikaa mwalimu wa udereva mwenye magari mawili, moja la kutembelea na moja la kufundishia, na ua wake ulitosha moja tu. Jumamosi hiyo alishuka, akakibeba kile kiti kwa adabu kabisa, akakiegemeza ukutani, akaegesha gari la kufundishia mahali pake.

"Mwalimu, kiti hukukiona?" Mzee Miwani akauliza akiwa getini.

"Nimekiona, mzee. Ndiyo maana nimekiweka pembeni kisigongwe."

"Binti yangu anakuja."

"Lini?"

Mzee akakitazama kiti chake pale ukutani. Mama Pacha wa nyumba ya tatu, ambaye naye aliimezea mate nafasi ile kwa ajili ya gari la mumewe, alicheka huku akianika nguo. "Mwalimu, mwache mzee wa watu," akasema. "Kiti chenyewe hakina hata leseni."

Basi ugomvi ukashika moto. Maji ya kufulia yakamwagwa kwenye vioo. Tairi moja likaamka halina upepo. Mwalimu na Mama Pacha, ambao hawakupatana kwa lolote, walipatana kwamba mtu asiye na gari hana haki ya kuegesha. Mzee Miwani akapeleka kesi kwenye kamati ya mtaa. Kamati ilikaa sebuleni kwa mwenyekiti, ikasikiliza kila upande mpaka harufu ya chakula ikaanza kuingia kutoka jikoni. Hapo mwenyekiti akasimama.

"Nafasi ni ya mzee," akasema. "Ni yake daima, na asiingiliwe na mtu."

Mzee alirudi nyumbani amevimba kichwa kwa furaha. Asubuhi alipokwenda kununua mkate, nafasi ilimfuata.

Ilikuwa mstatili uleule, urefu wa gari dogo na upana wake, naye katikati. Vitu vidogo viliingia na kutoka. Watu ndio hawakuingia. Dukani foleni ilijisogeza, miguu ya kila mtu ikikomea ukingoni kama imefika ukutani. Muuza duka akapima umbali kwa jicho.

"Daka, mzee," akasema, akamrushia mkate.

"Hukumu imeshika," Mama Pacha akasema, akahesabu mayai yake.

Hakuna aliyelizungumzia zaidi ya hapo. Kinyozi alimwomba radhi, akamshauri anunue mashine ajinyoe mwenyewe. Msibani alipewa upande mzima wa turubai, akawa peke yake na viti vitupu, wengine wamebanana ng'ambo wakiegemeana mabega. Alipotaka kumpa mkono mfiwa, mfiwa alirudi nyuma hatua kwa hatua, machozi yakimtoka, mpaka mgongo ukagusa nguzo. Mzee akaona asimwongezee mtu taabu, akaenda zake.

Mwalimu ndiye aliyegundua faida yake. Siku moja mtaa ulikuwa umejaa magari ya wageni, naye akamwomba mzee asimame kidogo mbele ya nyumba yao. Mzee akasimama. Magari yaliyoegeshwa yakajisogeza bila mtu ndani, breki zikilalamika kidogo, kama watu kwenye benchi wanaoombwa wabanane wampishe mwenzao. Pengo likapatikana. Mzee alipopisha kando, Mwalimu akaingiza gari.

"Mungu akuweke, mzee," akasema, akafunga mlango wa gari, akaingia kwake.

Habari ikaenea. Mama Pacha akawa anamwita siku za mumewe kurudi safari, na wengine wakafuata. Mzee alikwenda kila alipoitwa. Alikuwa hajaitwa na mtu kwa muda mrefu.

Binti alipopata habari kwa simu aliuliza kiuguzi. "Una homa, baba? Ni ngozi? Inaambukiza?"

"Haiambukizi. Ni kamati."

Akaomba ruhusa kazini, akaja. Gari lake liliingia kwenye nafasi bila kikwazo, kwa kuwa ndilo lililowekewa, likasimama ubavuni mwa baba yake. Alipofungua mlango na kushusha mguu, mguu ulikataa kukanyaga. Akateremsha kioo.

"Umekonda, baba."

"Wewe ndiye umekonda."

"Basi panda, tukae pamoja humu ndani."

Mzee akazunguka, akakaa kiti cha mbele. Nafasi ikaingia naye, na binti akateleza taratibu akatokea mlango wa pili, kama sabuni kwenye mkono uliolowa, akajikuta amesimama upande wa pili wa barabara. Wakatazamana. Kisha wakacheka, na safari hii lilikuwa cheko moja, mpaka mzee akavua miwani aifute.

Mchana wote walizungumza hivyo, baba ndani ya gari, binti ukingoni juu ya kile kiti cha jikoni, kwa sauti za kusikika na mtaa mzima. Alimsimulia wodi yake, na jinsi anavyoshika mikono ya wazee asiowajua mpaka wapate usingizi. Mzee akamsifu. Alikuwa amehamia kiti cha dereva, ameshika usukani, ambao bado ulikuwa na joto la viganja vya mwanawe.

Jua liliposhuka wakabadilishana, binti akaingia garini.

"Nitakuja tena nikipata..." akasema, akafunga mkanda. Akawasha gari.

Kesho yake Mzee Miwani alikwenda kwa mwenyekiti, akasimama uani na kuongea kupitia dirishani. Aliomba hukumu ifutwe. Kama ni nafasi, wachukue wanaoitaka.

Mwenyekiti alimsikiliza vizuri. "Mzee wangu, kesi ulishinda," akasema. "Aliyeshinda anakata rufaa ya nini? Isitoshe, mtaa umetulia sasa. Nani atakubali?"

Kamati iliulizwa hata hivyo, na wote wakanyoosha mikono kukataa. Mwalimu na Mama Pacha walikuwa wa kwanza.

Tangu hapo wawili hao wanagombana upya kuhusu nani amtumie mzee mwisho wa wiki. Hawapigi hodi, maana mlangoni kwake hapafikiki akiwapo karibu, na kumwita kwa sauti kunachosha koo. Hupiga honi. Mwalimu hupiga mbili fupi, Mama Pacha moja ndefu. Mzee, aliye mezani na chai yake, huweka kikombe chini, hutafuta kofia.

"Marahaba," hujibu, na kutoka nje.