Doa Lililogoma Kutoka

Kwa miaka minane mhandisi huyu alikuwa akisanifu chombo kimoja tu: kamera ya kuchambua mwanga, itakayofungwa kwenye darubini kubwa huko mlimani. Kila nukta ya picha huigawa katika rangi zake, hata zile za joto ambazo macho hayazioni. Mume hakuwa naye. Mama yake, aliyekuwa akimsubiri nyumbani na maswali chungu nzima, alifariki mwaka jana, na tangu hapo nyumba ilimshinda.

Sasa chombo kilikuwa ndani ya pipa la chuma lenye baridi kali, kikijaribiwa kupitia kidirisha cha kioo, na kilikuwa kimemtia adabu. Pembeni mwa kila picha palikuwa na doa. Wenye darubini walikuwa wanakuja kesho. Wakilikuta, kazi yake yote imekwenda na maji.

"Dada, nimesafisha lenzi mpaka mikono inaniuma," fundi wa vioo alisema akiwa mlangoni. "Hili doa lina kiburi."

"Piga nyingine."

"Basi tutoke. Si ulituwekea sheria mwenyewe, picha ikipigwa mtu asibaki humu?"

"Nenda wewe. Mimi nipo tu, sigusi kitu."

Ndivyo alivyosema jana, na juzi. Sheria aliiweka kuepusha mtikisiko, na yeye alikaa kimya kama kiti. Ukweli ni kwamba alikuwa mpweke, na mngurumo wa pampu ulimtosha kuwa mazungumzo.

Picha mpya ilipotokea kwenye skrini, doa lilikuwa limesogea. Akakitazama kiti chake; na yeye alikuwa amekisogeza. Akainua mkono mbele ya kidirisha. Katika picha iliyofuata, doa lilikuwa limeota tawi.

Miaka minane mtu anatengeneza jicho la kuona joto, halafu anakwenda kukaa mbele yake na joto la damu yake mwilini! Alicheka peke yake. Tangu mazishi, hakuna aliyekuwa amemtazama kwa muda mrefu hivyo.

Akachukua mkoba, akatoka, akamwambia fundi apige nyingine. Alikuwa amefika kituo cha basi simu ilipolia.

"Dada! Picha safi, haina hata chembe!" fundi alipiga kelele. "Umelifanya nini?"

"Nimeondoka."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Ila ile ya mwisho, yenye doa, usiifute."

"Ya nini tena?"

Alikata simu, akashika njia ya nyumbani, ambako siku hizi taa haziwaki mpaka aziwashe mwenyewe.