Kuujaribu Mshono wa Tumbo

Nimeshona nguo miaka arobaini na sita, na sijawahi kumkabidhi mteja suruali bila kuuvuta mshono. Unashika pande mbili, unavuta mara moja kwa nguvu, unasikiliza. Ukilia, unafumua. Natanguliza maelezo haya ili msomaji asidhani kwamba yaliyonipata yalitokana na ulafi. Ulafi ulikuwepo, sikatai, lakini ulikuja na sababu za kitaalamu.

Nilikuwa na kilo mia moja arobaini na moja, na moyo umeanza kugoma. Daktari akanikata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, akabakiza kiasi cha ndizi moja. Kabla sijatoka wodini alikuja kando ya kitanda.

"Mzee wangu, mshono ukiachia, itabidi tufungue tena. Na moyo wako sidhani kama utastahimili dawa ya usingizi mara ya pili. Tumeelewana?"

Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa masomo. Ni kweli. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka hamsini na mbili, madarasa ya jioni, dawati langu peke yangu, kwa kuwa hakuna mwanafunzi aliyeenea pembeni. Kwa hiyo kijitabu cha lishe nilikipigia mistari kwa wino mwekundu. Wiki mbili za vyakula vya majimaji. Wiki mbili za vya kusagwa. Maji kwa mafunda madogo, tena yasiandamane na chakula. Nilimsomea mke wangu kwa sauti.

"Baba, sufuria inaungua."

"Iache iungue. Ukurasa wa saba ni muhimu."

Siku ya ishirini nilikuwa nimepungua kilo kumi na mbili. Kila mteja aliyeleta nguo alipata mhadhara wa protini, atake asitake. Jirani yangu mshona viatu, tunayemwita Kisigino, alinikagua toka juu hadi chini.

"Profesa, umepungua kweli. Siku hizi unaingia mlangoni ukiangalia mbele."

Mchana huo mke wangu alinipimia vijiko vinne vya maharage yaliyosagwa. Yeye alijiwekea vipande vitatu vya nyama ya kuchoma. Kabla hajaanza, mteja akabisha hodi chumba cha mbele, akaenda kumsikiliza.

Nilikuwa nimeshiba. Lakini mawazo ya kazi yakaniingia. Yule daktari ni mdogo kuliko cherehani yangu. Alishona mimi nikiwa nimelala fofofo. Nani aliuvuta ule mshono? Nimetoka hospitali kama nguo isiyojaribiwa! Nikachukua kipande kimoja. Kijitabu kinasema kutafuna mara thelathini. Nilitafuna mara tisa, nikameza, nikasikiliza.

Jibu lilikuja upesi. Kitu kilikwama katikati ya kifua kama ngumi. Mate yakajaa mdomoni, jasho likanitoka, nikashikilia meza ya kukatia vitambaa kwa mikono miwili.

"Una nini?" Mke wangu alikuwa amerudi.

"Hewa tu."

Akatazama sahani. "Nyama yangu ilikuwa vipande vitatu."

Nilitaka kumsingizia paka. Hatufugi paka.

Hakubishana. Alimpigia muuguzi wa lishe, akaweka simu kwenye spika juu ya meza.

"Amekula nini?" muuguzi akauliza.

"Maharage," nikasema. "Yaliyosagwa. Vijiko vinne."

"Hakuna kingine?"

"Mimi nimesoma kijitabu, binti yangu."

"Basi hiyo ni mbaya, mzee. Kama ni maharage laini na maumivu ni makali hivyo, mshono utakuwa umeachia. Namwambia daktari aandae chumba cha upasuaji."

Mke wangu akakaa chini, pale pale sakafuni. Nikauona ujinga wangu wote: nilikuwa karibu kufa kwa ajili ya heshima ya mtu anayejulikana kwa kusoma kijitabu.

"Nyama," nikasema.

"Sikusikii, mzee."

"Nyama! Ya kuchoma. Kama kiberiti hivi."

Muuguzi akasema, "Usinywe kitu. Njoo sasa hivi."

Njiani nilitapika mara mbili, na ile ngumi ikaachia. Hata hivyo walininywesha dawa ya rangi, wakanipiga picha. Mshono ulikuwa mzima. Daktari alivuta kiti, akanibana mpaka nikakiri kwamba nilikuwa naujaribu mshono, kisha akanieleza kwamba kabla ya kunifunga walikuwa wameujaza mfuko wa chakula maji ya rangi waone kama mshono unavuja.

"Mbona hukuuliza?"

"Niliogopa utadhani sijui," nikasema. Ilikuwa sentensi ya kwanza ya kweli niliyoitoa siku hiyo bila kubanwa.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. "Ningewaambia nini watu msibani? Kwamba alikuwa anakagua?"

Nikaandikiwa siku tatu za majimaji tena. Kesho yake mke wangu alikulia chakula chake nje, mlango kaufunga. Nikamwambia kupitia dirishani kwamba sina kinyongo.

"Sijakuuliza," akajibu, akiendelea kutafuna.