Arudie Mpaka Magharibi

1

Wewe uliyekuja kutazama vigae, rudi kesho. Leo bado Jumapili, na mpaka Jumapili iishe ukumbi huu ni wetu. Kaa hapo, sogeza huo mkoba. Nitakueleza kwa nini watu mia mbili wanasikiliza wimbo mmoja kwa mara ya tano na hakuna anayepiga miayo. Mimi ni Saumu, fundi cherehani, nakaa Ngamiani. Fujo hii nimeianzisha mimi, na ukitaka kuniandika jina, andika vizuri.

2

TANGAZO

*Uongozi wa Ukumbi wa Zumaridi, Tanga, unawatangazia wapenzi wote wa tamthilia ya nyimbo iitwayo KAMBI NAMBA SABA kwamba maonyesho yaliyopangwa kuendelea hadi tarehe 16 Septemba sasa yatahitimishwa Jumapili tarehe 26 Agosti, saa kumi alasiri. Ukumbi utapisha Maonyesho ya Vigae na Samani za Kisasa. Uongozi unasikitika kwa usumbufu wowote utakaojitokeza.*

*F. Mnkande*
*Meneja*

3

Vigae.

4

*Kundi la simu: WANA KAMBI SABA*

— Jamani, mmeona kilichobandikwa mlangoni?

— Mimi nimeitazama mara sita. Nilitaka zifike kumi.

— Mume wangu kafurahi. Namtazama tu.

— Nani atamwambia Bi Mwanakombo?

— Saumu, wewe ndiye jirani yake.

5

Bi Mwanakombo ni mjane wa Mzee Hemedi Semboja, na Mzee Hemedi ndiye aliyetunga kila wimbo wa Kambi Namba Saba. Alizaliwa kwenye kambi ya mkonge, akakulia humo, na miaka kumi na minane alikuwa akijifungia chumba cha uani na kodiani yake kuitungia kambi hiyo nyimbo. Mkewe akigonga kumpelekea chai, kodiani inanyamaza. Akimwuliza anatunga nini, jibu lilikuwa lile lile: utazisikia jukwaani, zikiwa zimevaa nguo zao.

Ijumaa ya tarehe ishirini Aprili, wiki mbili kabla ya onyesho la kwanza, Mzee Hemedi alianguka bafuni. Tulimzika siku ile ile.

Mkewe akakaa eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, hajipambi, hajitii manukato. Mji mzima tumekwenda kusikia nyimbo za mumewe, tunazijua mpaka pale mpiga ngoma anapokohoa, na yeye peke yake hajasikia hata moja. Nilijaribu kumwimbia nikiwa namsaidia kuanika nguo. Akaziba masikio. Alisema Hemedi alimwahidi jukwaani, kwa hiyo atazisikia jukwaani.

Nilihesabu kwenye kalenda yangu ya ukutani. Eda inaisha Alhamisi tarehe 30. Onyesho la mwisho Jumapili tarehe 26.

Siku nne.

Sasa umeelewa kwa nini nikisikia neno vigae presha inanipanda.

6

*KWA: Meneja, Ukumbi wa Zumaridi*
*YAH: OMBI LA KUONGEZEWA ONYESHO MOJA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi tulioweka sahihi na dole gumba tunaomba onyesho moja tu, Ijumaa tarehe 31 au siku yoyote baada ya hapo, kwa ajili ya mjane wa mtunzi. Viti tutafuta wenyewe. Vumbi tutafagia wenyewe. Hata hivyo vigae tutavibeba wenyewe kuviingiza, mkikubali*

(Karatasi iliishia hapo. Nyuma yake kuna sahihi mia nne na kumi na mbili, mbili kati yake za watu waliodhani wanalalamikia maji.)

7

*Barua yenu imepokelewa na kutafakariwa kwa kina. Ombi halikukubaliwa. Mhusika anashauriwa kuhudhuria onyesho la tarehe 26 Agosti kama watazamaji wengine, au kufika ukumbini kwa wakati wake kutazama picha za onyesho zilizobandikwa ukutani.*

8

Picha

        za nyimbo.

9

*Yaliyosikika saluni, mtu akisukwa:*

"Eda yenyewe haijesha, mwenzetu anawazia muziki."

"Ni nyimbo za mumewe."

"Hata kama. Watu watasema."

Nilimpelekea Bi Mwanakombo maneno hayo kama yalivyo, mimi si mtu wa kuficha. Alikuwa na ungo mapajani anachagua mchele. Alisema watu walisema alipoolewa na mpiga kodiani, na walipochoka kusema walikuja kucheza harusini, tena wakala wakamaliza. Kisha akaniuliza polepole kama ni kweli tarehe 26 ndiyo mwisho. Nikamwambia ni kweli.

"Basi," akasema. "Haikuwa riziki yangu."

Mchele ulikuwa umekwisha kuchaguliwa. Akauanza upya. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nje nikalia, wala sioni haya kukuambia.

10

Ijumaa tarehe 24 akaja wifi yake kutoka Pangani, Bi Chausiku, dada wa marehemu. Akauliza eda imebakiza siku ngapi. Nikamjibu sita, kwa majivuno ya mtu aliyekata kalenda kila asubuhi kwa kalamu nyekundu. Akanitazama juu mpaka chini. Akauliza nimehesabu kwa mwezi upi. Nikamwonyesha kalenda, ya duka la saruji, yenye picha ya nyumba ya ghorofa.

"Saumu mwanangu," akasema, "eda inahesabiwa kwa mwezi wa mbinguni. Hii ni miezi ya saruji."

Wote tulilijua hilo. Ndiyo aibu yenyewe. Ramadhani tunafuata mwezi, Idi tunafuata mwezi, maulidi tunafuata mwezi. Eda ya Mzee Hemedi peke yake tukaihesabu kwa saruji, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu aliyehesabu alikuwa Saumu, na mji mzima unaamini vipimo vya Saumu havikosei.

Bi Chausiku alihesabu kwa vidole. Akahesabu tena kwa punje za mahindi. Akampigia shehe wao simu, naye akahesabu, akasema ndivyo.

Eda inaisha Jumapili tarehe 26.

Jua likizama.

11

HESABU (safari hii nimemkabidhi Bi Chausiku aikague)

Onyesho linaanza: saa kumi alasiri.

Linakwisha: saa kumi na mbili kasoro robo.

Jua linazama: saa kumi na mbili na nusu, toa dakika mbili tatu.

Kuoga, kuvaa, kusali: nusu saa, na asiharakishwe.

Bajaji mpaka ukumbini: dakika kumi.

Kwa hiyo onyesho linatakiwa lirefuke saa moja na nusu.

12

*WANA KAMBI SABA*

— Tumwombe meneja achelewe kuanza.

— Tumeomba vya kutosha.

— Wimbo ukimkuna mtazamaji, ana haki gani?

— Ya kusema arudie.

— Mara ngapi?

—

—

— Saumu?

— Mpaka magharibi.

13

*Limebandikwa nyuma ya mlango wa choo cha wanawake:*

Sare ni ile kanga ya kijani. Asiye nayo avae chochote, asikose.

Wimbo ukiisha, sema ARUDIE. Usitukane.

Akina baba: makofi, na msitulie mapema.

Usitoke. Ukibanwa, nenda mmoja mmoja, na anayebaki aseme kwa sauti ya wawili.

Tatu Mbwego hajaambiwa. Anayeimba asionekane amepanga njama na watu.

14

TATU MBWEGO, anayeimba nafasi ya mama wa kambi:

Wimbo wa pili ni wa kengele ya alfajiri. *Kengele imelia, usingizi u machoni. Mkono ushike panga, mwiba u kiganjani.* Nikaumaliza, wakasema arudie. Nikafurahi. Ni siku ya mwisho, nikasema moyoni, wananiaga.

14

Nikarudia. Wakasema arudie.

14

Nikarudia. Nikaanza kuwatazama usoni. Kuna mama mmoja mwenye kanga ya kijani, kila ninapomaliza anatazama saa kabla ya kupiga makofi.

14

Nikarudia, nikisogea ukingoni mwa jukwaa. Katikati ya ubeti yule mama akaniambia kwa midomo tu, bila sauti: Mwanakombo.

14

Nikaongeza ubeti ambao haukuwepo.

15

KITABU CHA MATUKIO, LANGO KUU

*Saa 11:20. Hali shwari. Wimbo wa tatu.*

*Saa 11:35. Wimbo wa tatu.*

*Saa 11:50. Wimbo wa tatu. Meneja ameuliza kulikoni. Nimemjibu ni wimbo wa tatu.*

*Saa 12:05. Lori la vigae limefika. Nimeliambia lisubiri.*

*Saa 12:10. Meneja ameagiza umeme uzimwe. Ufunguo wa chumba cha swichi hauonekani.*

*Saa 12:20. Ufunguo umeonekana. Ulikuwa mfukoni mwangu.*

*Saa 12:22. Umeme umezimwa. Wanaendelea kuimba, sasa wimbo wa kabla ya mwisho. Hali shwari.*

*K. Kilua, mlinzi. Mzaliwa wa kambi namba nne.*

16

Ndipo Bwana Mnkande akapanda jukwaani mwenyewe. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Ana tai, ana jasho, ana watu wa vigae wanampigia simu. Alisema anatushukuru kwa mapenzi yetu na kwamba onyesho limekwisha.

Nikasimama. Nikamwambia wimbo wa mwisho haujaimbwa, na tamthilia isiyoimbwa wimbo wa mwisho haijesha hata ukumbi ukiondolewa paa. Akasema vyema, uimbwe sasa hivi, mara moja, twende nyumbani.

Ukiimbwa, umeimbwa. Tatu Mbwego alinitazama, nami nikatazama saa, bado dakika nne jua lizame. Akakaa chini, pale pale jukwaani, akasema kwa upole mkubwa kuwa sauti imekauka na anaomba maji.

Glasi ya maji ilitoka mlangoni. Ilipitishwa mkono kwa mkono, safu kwa safu, na kila aliyeipokea aliichungua kwanza kama ni safi. Wawili walisema si safi, ikarudishwa. Sijawahi kuona watu wa Tanga wakijali usafi wa maji namna ile.

17

Adhana.

Akina baba kadhaa walitoka kwenda kusali, wakaacha kofia zao juu ya viti.

18

*Ujumbe kutoka kwa Bi Chausiku:*

Jua limezama. Yuko bafuni.

Ameoga. Amesali.

Anatafuta viatu. Miezi minne havijavaliwa.

Vimepatikana.

Yuko mlangoni. Amesimama.

Bado amesimama. Anasema ataingiaje mule na Hemedi hayumo.

Saumu nimwambie nini

19

Nilifuta mara tatu. Mwisho nikaandika: Mwambie sauti yake imo, na wanataka kuifungia nje.

Nikatuma.

Nje nasikia watu wa lori wanashusha maboksi. Meneja ametazama saa, akanitazama mimi, akatazama saa. Glasi imefika kwa Tatu. Anakunywa kidogo kidogo. Maji yenyewe ni ya kumaliza kwa mafunda mawili, na watu mia mbili wanamhesabia mafunda, saba, nane

20

Mlango ukafunguliwa.

Alikuwa mwembamba kuliko nilivyomzoea pale uani. Bi Chausiku alimshika mkono mpaka katikati, kisha akamwachia. Hakuna aliyeshangilia. Tulisimama tu, kanga zote za kijani, tukawasha taa za simu zetu tukazielekeza sakafuni ili aone anapokanyaga. Mzee Kilua alivua kofia.

Bwana Mnkande alishuka jukwaani. Akasogea pembeni.

Tatu akaweka glasi chini, akapiga goti moja ukingoni mwa jukwaa, akamwamkia. Akamwambia wamebakiza wimbo mmoja, ule wa mwisho, na kwamba wako tayari kumwimbia.

Bi Mwanakombo alitazama jukwaa lile lenye giza kwa muda. Akavuta kiti, akakaa, akatengeneza mtandio wake kama mtu aliyefika mapema.

"Mie sikuja kwa wimbo wa mwisho," akasema. "Anzeni mwanzo."