Kamba ya Yadi Ishirini na Mbili

Dada yangu Kaari alinipata kwa simu nikiwa Embu, nalinda geti la mwenye mbao. Hakunisalimia.

"Kinoti, njoo nyumbani. Bundi wa shamba la chini amepeleka kesi ya mpaka kwa wazee. Anasema baba tumemzika kwa shamba lake. Ijumaa kuna mbuzi wa kiapo, na wewe kifungua mimba ndiye wa kuapa."

"Kuapa nini?"

"Kwamba kamba ya baba ilikuwa sawa. Si ilikuwa sawa?"

Nikasema ilikuwa sawa.

Hiyo kamba nitaieleza. Baba yetu, Marete, ujana wake alikuwa akivuta pipa la kusawazisha uwanja wa kriketi wa masetla wa Kizungu, upande wa Timau. Wakikosa mtu wa kuwarushia mpira wa mazoezi walimwita yeye, na hapo ugonjwa wa kriketi ukamshika. Masetla walipoondoka, alirudi kijijini kwetu Ruiri na magongo mawili, mpira mmoja, na kamba ya katani ya yadi ishirini na mbili, ya kupima kutoka vijiti vya huku mpaka vijiti vya kule. Akasawazisha kipande chembamba chini kabisa ya shamba letu, akakipitishia pipa la mawe mpaka kikawa kigumu kama sakafu. Kila Jumamosi alisimika vijiti upya kwa kipimo cha kamba hiyo, na walimu, karani wa zahanati na majirani walikuja na mashati meupe. Siku nyingine walishuka mpaka Embu, wakapigwa na makarani wa huko, wakarudi wakiimba. Hata mwaka wa njaa, pale hapakupandwa haragwe. Mama alipaita mke mwenza.

Wakati wa kugawa mashamba, mnyororo wa kupimia wa kamati ulikatika. Baba akauliza, "Wenu ulikuwa yadi ngapi?" Wakamwambia ishirini na mbili. "Basi ni kriketi tupu," akasema, akaleta kamba. Shamba la Bundi lilipimwa kuanzia kijito, kupanda juu, kamba kumi. Ilipoishia ya kumi wakaweka mpaka, na kilichobaki huku juu kikawa chetu.

Hakuna aliyejua kwamba wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimetoroka nyumbani. Nilikuwa na sanduku lisilofunga, na kamba ilining'inia bandani. Nilikata yadi nzima, nikarudishia fundo la mwisho kama lilivyokuwa, nikaenda. Sasa ni karibu miaka sitini: Isiolo, Kanyakine, Embu, popote. Sanduku lilioza zamani. Kile kipande bado ninacho, nafungia blanketi.

Niliporudi mara ya kwanza kuwasalimia, baba alinishika bega akicheka. "Tangu uende nimepata mkono! Narusha mpira mpaka watu wanalalamika." Bundi ndiye aliyekuwa akidaka nyuma ya vijiti. Mpira mmoja ulimvunja kidole cha shahada, kikapona kikiwa kimepinda. Baba aliringia mkono huo mpaka alipokufa, masika iliyopita, akiwa na miaka tisini na saba. Aliomba alazwe mwisho wa uwanja, pale alipokuwa akirushia, karibu na mpaka.

Nilifika Alhamisi. Kaari alinipa uji, wajukuu wake wanne wakinitazama.

"Sisi ni watu wa kanisa," alisema, "lakini unamkumbuka Koome wa ng'ambo ya kijito? Aliapa uongo juu ya ng'ombe. Pita leo uone hiyo boma. Ni nyasi tu."

"Nakumbuka."

"Wewe utasema ukweli, kwa hivyo siogopi." Lakini alikuwa akiwavuta wale watoto karibu naye.

Jioni Bundi alisimama upande wake wa mpaka.

"Mzururaji! Nilidhani ulikufa ukasahau kutuambia."

"Bado nipo, mzee mwenzangu."

"Mimi nilidaka mpira wa baba yako miaka na miaka. Ghafla ukaanza kunifikia kabla sijainama. Mtu wa miaka arobaini anaota mkono mpya?" Alicheka, kisha akaacha. "Kesho uape vizuri, Kinoti. Kwa sauti."

Asubuhi mbuzi dume alikuwa amefungwa kwenye kijiti cha baba. Wazee sita. Wana wawili wa Bundi walikuwa wameegemea majembe, na hakuna aliyewauliza majembe ni ya nini. Mzee Mithika akaninyooshea jiwe.

"Kinoti wa Marete. Kama kamba ilikuwa sawa, mpige mbuzi, useme. Ukidanganya, damu hii itatafuta nyumba yenu mlango kwa mlango."

Jiwe lilikuwa baridi. Nilimwona baba amelazwa pale chini ya udongo mpya. Nilimwona Kaari, mjukuu mdogo mgongoni, amelala mdomo wazi. Mbuzi alinitazama.

Nikaweka jiwe chini. Nikatoa kipande cha kamba, nikakilaza mbele ya wazee.

"Hii ilitoka kwa ile. Niliikata mimi. Baba hakujua."

Bundi alikiokota, akakinyoosha kifuani. Akakipeleka mpakani, akapima kupanda juu, mara moja kwa kila kamba ya zile kumi za shamba lake. Mara ya kumi alikuwa amelipita kaburi.

"Na ule mkono wake?" aliniuliza.

"Ulikuwa mkono wa siku zote. Uwanja ndio ulikuwa mfupi."

Alikikunja kile kipande, akakitia mfukoni. "Marete atalala hapa," alisema. "Simchimbui mtu aliyenifundisha kudaka. Lakini wewe, usikanyage hapa tena. Hata kumlilia."

Akainua kile kidole kilichopinda, juu, kama mwamuzi anayemtoa mchezaji. Baba alitufundisha: kidole kikiinuka hubishani, unatoka. Nilibeba blanketi langu mikononi, bila kamba, nikapanda kuelekea barabarani. Kaari hakunisindikiza.

Nyuma yangu majembe yalianza kugonga ule udongo mgumu. Bundi aliahidi kaburi. Uwanja hakuuahidi. Nilihesabu mapigo mpaka yakapotea, na sikugeuka kuona yalikuwa yakilia wapi.